Kuipeleka klabu ya mdahalo makumbusho: mwongozo wa siku moja Iringa, juu ya historia ya askari na polisi

Mwongozo huu ni wa walimu walezi na viongozi wa klabu za mdahalo, za sekondari na za vyuo, popote mlipo kuanzia Mbeya na Njombe hadi Mafinga. Unahusu ziara moja yenye kazi maalumu: kwenda Iringa kutafuta ushahidi wa historia ya askari na polisi nchini, kisha kurudi kuupigia mdahalo.

Mada ya polisi huwaka haraka mbele ya vijana. Mmoja atasimulia bodaboda ya kaka yake ilivyokamatwa, mwingine ana baba askari anayelala kambini akisubiri kuitwa usiku. Visa hivyo ni vya kweli na vina uchungu wake, ila vikibaki peke yake mdahalo unageuka mashindano ya nani kaumia zaidi. Kinachokosekana ni mwanzo wa habari: huyu askari alitoka wapi, aliajiriwa na nani, kwa kazi gani, na nini kilibadilika baada ya Uhuru. Iringa ni mahali pazuri kuliko pengi pa kuulizia hayo, kwa sababu ndani ya siku moja unaweza kusimama alipouawa askari, alipoishi mtawala aliyepigwa vita na askari, na yalipokuwa majengo ya serikali iliyowatuma askari.

Nasisitiza jambo moja kabla ya hatua yoyote. Kila mwanafunzi aende kutafuta ushahidi unaoumiza upande wake mwenyewe. Anayeunga mkono atafute cha kumsaidia mpinzani, na mpinzani vivyo hivyo. Mengine yote humu ni namna ya kulitimiza hilo.

Hatua ya kwanza: mada kabla ya gari

Msikodi Coaster kabla hamjakubaliana mada. Ziara isiyo na mada huishia kwenye picha za pamoja na soda. Chagueni mada moja tu, muiandike ubaoni, muipige msasa mpaka kila neno liwe na kazi. Hizi tatu nazipendekeza, kila moja kwa sababu yake.

“Askari Mwafrika wa enzi ya Mjerumani alaumiwe sawa na afisa aliyemtuma.” Hii ndiyo bora kwa kidato cha tatu na kuendelea. Inawalazimisha vijana kuacha picha rahisi ya Mzungu mbaya na Mwafrika aliyeonewa, maana aliyeshika bunduki mara nyingi alikuwa Mwafrika mwenzetu, akilipwa mshahara uliozidi sana wa kibarua wa shambani.

“Jeshi la Polisi la leo limeachana na urithi wa polisi wa kikoloni.” Hii yafaa vyuo na kidato cha tano na sita, kwa sababu inahitaji kusoma sheria.

“Fuvu la Mtwa Mkwawa lizikwe.” Mkwawa alikuwa Mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe, na fuvu lake limo makumbusho ya Kalenga. Mada hii inahitaji watu wazima wa akili. Kama klabu yenu bado inacheka mtu akikosea kutamka neno, iacheni kwanza.

Ikiwa mtachukua ya pili, fafanueni mapema “urithi” ni nini: ni sheria, ni mavazi na vyeo, ni majengo, au ni namna askari anavyomwita raia? Msipofafanua, kila upande utajadili mada yake.

Hatua ya pili: somo fupi darasani, wiki moja kabla

Wanafunzi wasiingie makumbusho wakiwa weupe. Mpeni mmoja wao kazi ya kuchora mstari wa miaka kwenye karatasi kubwa, na yafuatayo yawemo.

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alileta kikosi cha askari wa kukodi, wengi wao Wasudani waliopatikana Misri na wengine kutoka Msumbiji, kupambana na upinzani wa pwani. Kutoka hapo likazaliwa jeshi la Mjerumani la koloni, na pembeni yake askari wa polisi waliowekwa kwenye maboma ya wilaya. Kufikia 1914 askari Waafrika wa jeshi walikuwa takribani 2,500 na wa polisi kama 2,000, wakiongozwa na maafisa Wajerumani wachache.

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilishambuliwa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine kadhaa na askari zaidi ya 200. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Wajerumani chini ya Gavana Friedrich von Schele waliivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga kwa mizinga. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi Julai 1898, alipojiua kwa risasi badala ya kukamatwa. Mwaka huohuo kodi ya kibanda ilianza, na askari ndiye aliyetumwa kuifuatilia. Asiyelipa alijua habari ya kiboko na ile adhabu ya “hamsa ishirini”, yaani viboko 25, ambayo wazee wetu waliikumbuka kwa jina hilo miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka.

Kisha Majimaji, 1905 hadi 1907. Hapa msiwafiche vijana kitu: katika vita hivyo Wahehe walio wengi hawakuungana na waasi, na baadhi walipigana upande wa Mjerumani. Hesabu ya waliokufa nayo ni somo. Wajerumani walikadiria 75,000, ilhali wanahistoria wa baadaye wanataja 250,000 na zaidi, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mwanafunzi akitaja tarakimu, aseme ni ya nani.

Mwingereza alipochukua nchi, Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, yakahamia Dar es Salaam mwaka 1930. Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali ni Elangwa Shaidi, mwaka 1964. Kwa hiyo Uhuru ulipata umri wa miaka miwili na zaidi kabla kiti hicho hakijakaliwa na mwenyeji. Upande wa kupinga mada ya pili utaipenda hiyo. Upande wa kuunga mkono usome Katiba ya 1977, ibara ya 13(6), inayopiga marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu za kumtweza, na inayotaka mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Wasome pia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, inayotaka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 pale inapowezekana. Halafu wapinzani wawakumbushe kuwa Sheria ya Adhabu ya Viboko, iliyotungwa enzi ya Mwingereza, bado imo kwenye vitabu vyetu vya sheria. Tofauti ni kwamba leo kiboko cha sheria hiyo lazima kiamriwe na mahakama. Je, tofauti hiyo inatosha? Huo ndio mdahalo.

Hatua ya tatu: ruhusa na mengineyo

Barua ya mkuu wa shule, kibali cha afisa elimu, fomu za ridhaa za wazazi, orodha ya wanafunzi na namba za simu za nyumbani, kisanduku cha huduma ya kwanza. Pigeni simu makumbusho mapema kuulizia saa za kufungua, kiingilio cha wanafunzi na mwongozaji. Mtokao Mbeya, safari ni zaidi ya kilomita 300 kwenda pekee, hivyo laleni Iringa. Msijaribu kwenda na kurudi siku hiyohiyo na watoto wa watu kwenye barabara ya malori. Juni na Julai Iringa ina baridi ya kukata, kila mtu abebe sweta. Kati ya Desemba na Aprili ni mvua.

Kama mnataka askari wa leo azungumze na wanafunzi, na nashauri sana mtake, andikeni barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya angalau wiki tatu kabla. Ombeni polisi kata, au ofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto. Elezeni mada waziwazi na ambatisheni maswali. Msimvizie mtu na maswali ya kumtega, si adabu, na hamtapata jibu la maana.

Hatua ya nne: gawaneni kazi, si siti tu

Watu 20 hadi 25 wanatosha. Zaidi ya hapo wa nyuma hawasikii chochote. Kila kundi la watu wanne au watano lipewe swali moja, na daftari moja la pamoja mbali na madaftari yao.

Kundi la kwanza lifuate watendaji: ni nani katumwa, nani katuma, nani kalipwa? La pili lifuate vitu: bunduki, mikuki, ngao, mavazi, vilitumikaje na vimefikaje pale? La tatu lifuate ukimya: nani hatajwi, wanawake wako wapi, wapagazi wako wapi? La nne lifuate chanzo: maelezo haya yameandikwa na nani, lini, kwa ushahidi gani?

Kundi la tatu ndilo gumu, lipeni vichwa vyenu bora. Wapagazi kwa mfano walibeba jeshi zima mgongoni, nao kwenye mapigano walikufa bila bunduki mkononi, lakini katika masimulizi mengi wanapita kama mizigo waliyoibeba.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Anzeni asubuhi na mapema Lugalo, upande wa barabara ya Morogoro, kama kilomita 20 hivi kutoka mjini. Kuna mnara wa kumbukumbu ya vita. Shukeni kwa mstari, mwalimu mmoja mbele na mmoja nyuma, malori hayana huruma pale. Kazi ni fupi: someni kila kilichoandikwa, mnakili majina, kisha muulize ni kina nani walikufa hapa na majina ya nani yamehifadhiwa. Kundi la tatu liongoze. Nusu saa inatosha.

Rudini mjini, Boma la Iringa. Jengo hili la mawe lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 kama hospitali ya kijeshi, baadaye likawa ofisi za utawala wa Mwingereza na za serikali yetu baada ya Uhuru. Tangu 2016 ni makumbusho na kituo cha utamaduni cha mkoa. Kabla hamjaingia, wasimamisheni wanafunzi nje kwa dakika chache watazame jengo lenyewe: unene wa kuta, ukubwa wa madirisha, na lilivyokaa mjini. Waulize raia wa 1905 aliyepita hapa angewaza nini. Jengo ni ushahidi kama kitu chochote kilichomo ndani, na halina kibao cha maelezo cha kumfikiria mtu kwa niaba yake.

Ndani, acheni mwongozaji amalize maelezo yake kabla ya maswali. Baada ya hapo wanafunzi watawanyike na madaftari. Nilimtazama binti mmoja wa kidato cha tatu akifanya kazi hii kwa namna ambayo sasa nawafundisha wengine. Alisimama mbele ya maelezo ukutani, akayapitia kwa ncha ya kalamu bila kugusa, na kila alipokutana na kitenzi kama “alikamatwa”, “ilikusanywa”, “walihamishwa”, alikiandika upande wa kushoto wa ukurasa. Upande wa kulia akaandika “na nani?” Palipo na jibu akalijaza. Pasipo na jibu akaacha wazi. Mwisho wa saa moja ukurasa wake wa kulia ulikuwa na mapengo mengi, na ni mapengo hayo aliyompelekea mwongozaji. Mzee yule alivuta kiti, wakakaa. Majibu aliyompa hayakuwa ukutani.

Saa moja na nusu humo ndani, kisha tembeeni kwa miguu kuelekea sokoni. Karibu na kituo cha polisi upo mnara wa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa wakati wa Majimaji. Swali ni moja na lijibiwe kwa kusoma mnara wenyewe: Waafrika wepi, waliopigana dhidi ya Mjerumani au waliopigana chini yake? Waacheni wabishane hapo hapo, kwa sauti ya chini, maana ni mjini na watu wana shughuli zao. Msipige picha za kituo cha polisi bila ruhusa. Kama mlikubaliwa mazungumzo, ndiyo saa yake.

Kwa mazungumzo hayo, mwenyekiti wa klabu ndiye afungue, aamkie, ataje shule na mada. Maswali yaanze na yale anayoyajua vizuri: mafunzo ya Moshi, vyeo kuanzia konstebo kwenda koplo na sajenti, siku yake ya kazi inavyokwenda, maana ya polisi jamii kwa kata yake. Akishazoea, muulizeni swali gumu kwa heshima: “Afande, ni jambo gani katika kazi yako ambalo babu yangu wa enzi ya mkoloni angelitambua, na ni lipi asingelitambua?” Swali la aina hiyo humpa mtu nafasi ya kusema ukweli bila kujitetea.

Baada ya chakula cha mchana, Kalenga. Ni kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Yatawajia mawazo ya kupitia Isimila pia, au Mlambalasi kwenye kaburi la Mkwawa. Hapana, siku haitoshi, na mtaharibu zote.

Kalenga nataka niieleze taratibu, kwa sababu hapo ndipo klabu nyingi hupoteza uzito. Ndani ya makumbusho madogo limo fuvu la Mtwa Mkwawa, ndani ya kioo. Hii si maonyesho ya kutisha watoto. Ni mabaki ya babu wa watu walio hai, na ukoo wake upo. Wanafunzi wavue kofia, wazime simu, wamwamkie mzee anayewapokea. Wasiojua Kihehe wafundishwe garini kusema “Kamwene”, inatosha kufungua mlango. Picha, kwa ruhusa tu. Atakayecheka atoke nje akasubiri na mwalimu, bila mjadala.

Habari ya fuvu hilo ni shule nzima ya ushahidi. Lilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani kulikabidhi kwa Uingereza ndani ya miezi sita, nalo halikurudi. Miaka zaidi ya 30 baadaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yalikuwa mengi. Lililochaguliwa lilitambuliwa kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa wa ukoo, na kwa tundu la risasi. Lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wanahistoria wanaohoji kama utambuzi ule ulikuwa sahihi. Wanafunzi walijue hilo, lakini walijadili darasani, si pale mbele ya kioo na mbele ya wenyewe.

Mnaochukua mada ya fuvu ongezeni ya Songea: Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Makumbusho ya Majimaji akaomba radhi kwa yaliyotendwa. Klabu za Njombe na Ludewa mnaweza hata kuipanga ziara yenu Songea badala ya Iringa. Pale ndipo viongozi wa Wangoni waliponyongwa tarehe 27 Februari 1906.

Ondokeni Kalenga mapema, mfike mjini kabla ya giza.

Hatua ya sita: kuchambua kabla ya kusahau

Kesho yake, si wiki ijayo. Kateni karatasi ndogo, kila moja iandikwe ushahidi mmoja na mahali ulipoonekana. Pangeni mezani mafungu matatu: tuliyoyaona kwa macho, tuliyoambiwa, tuliyoyasoma. Mtashangaa fungu la kati lilivyo kubwa. Lisidharauliwe, ila msemaji akilitumia ataje nani kasema.

Halafu kila mwanafunzi asimame dakika moja aeleze ushahidi mmoja uliomsumbua, ule unaomharibia upande wake. Asiye nao hajamaliza kazi, arudi kwenye daftari la kundi. Hapa mwalimu avumilie ukimya. Kijana ambaye babu yake alikuwa askari wa Mwingereza atasita kusema, na yule ambaye ukoo wake ulichomewa maghala naye atasita. Msiwasukume.

Hatua ya saba: mdahalo

Wasemaji watatu kila upande, dakika tano kila mmoja, na dakika tatu za kuhitimisha. Ile salamu ndefu ya “mheshimiwa mwenyekiti, majaji makini, mtunza muda asiyependelea” ipunguzwe iwe sentensi moja. Muda ni wa hoja.

Majaji wapewe karatasi ya alama yenye uzito huu: 40 kwa ushahidi na kutaja chanzo, 30 kwa kujibu hoja za upande wa pili, 20 kwa mpangilio, 10 kwa lafudhi na utulivu. Wengi hupenda kuzigeuza, wakampa ushindi mwenye sauti. Shikilieni hiyo 40. Pia wekeni kanuni kwamba msemaji wa pili wa kila upande lazima ataje ushahidi mmoja wenye nguvu wa wapinzani wake, aueleze kwa haki, ndipo aujibu. Akiuruka anapoteza alama 10. Akiupotosha, mpinzani ana haki ya kusimama na kutoa taarifa ya sekunde 20.

Mwalikeni mwongozaji wa makumbusho awe jaji mmojawapo ikiwa yuko karibu, na yule ofisa wa polisi naye aje asikilize. Wiki mbili baadaye rudieni mada ileile, pande zikiwa zimebadilishana. Katibu wa klabu aandike kumbukumbu za midahalo yote miwili, ajumuishe maswali yaliyobaki na mapengo ya “na nani?”, kisha nakala moja ipelekwe Boma, moja Kalenga na moja ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya, pamoja na barua ya shukrani iliyosainiwa na wanafunzi wenyewe.